Barabara imetuacha uchi: masale yanafaa kuwa uzio wa mbele ya nyumba?

NesiWaKibosho

Wakuu, habari za jioni. Swali langu ni la miti, si la siasa, kwa hiyo wenye hasira zao wapite tu.

Naishi Kibosho, mkoani Kilimanjaro, usawa wa mita 1,300 na kidogo. Miaka michache iliyopita barabara ya kijiji ilipanuliwa, greda likapita na uzio wetu wote wa zamani: masale (likiwa moja ni isale, ile miti ya majani marefu ambayo sisi Wachaga hupanda mipakani), mihanu, mibuni iliyojiotea, kila kitu. Barabara nzuri, silalamiki, siku hizi mgonjwa anafika kituoni bila kubebwa kwa machela. Ila sasa dirisha la jiko langu linatazamana na barabara kama televisheni. Juzi nimesimama jikoni na kanga moja, abiria wa Noah akanipungia mkono: "Dada, ugali unaungua!" Na kweli ulikuwa unaungua.

Upande wa mbele una mita 38. Fundi kanipigia hesabu ya ukuta wa tofali: milioni sita na nusu, geti halimo. Mshahara wa nesi mnaujua.

Kabla ya kumwita fundi nilijaribu misaipresi, miche 60, kwa sababu ndiyo inayouzwa kila kona. Mwaka wa kwanza ilipendeza. Mwaka wa pili ikaanza kukauka kutoka ndani, rangi ya kahawia, matawi yana kitu kinachonata. Nikaikata sana nikitegemea itachipua. Haikuchipua, ikabaki mifupa. Minyaa sitaki hata kuisikia. Kituoni tumeshapokea mtoto aliyerukiwa na utomvu wake machoni, tukamwagia maji safi jicho lile mpaka mkono wangu ukafa ganzi. Nyumbani kwangu haiingii.

Kuna jambo lingine, msinicheke. Mwanangu yuko darasa la tano na ana daftari la ndege. Anaandika kila asubuhi kabla ya shule: shore wangapi, chozi wangapi. Tangu uzio ule uondoke, ukurasa wa chozi una mistari mitupu. Kanijia na daftari kama mkaguzi wa hesabu: "Mama, uliondoa nyumba yao." Nikamwambia ni greda. Hakuridhika.

Sasa nyuma ya pale palipokuwa na nyumba ya msonge ya bibi kuna kichaka cha masale, kizito, kirefu kuliko mlango, kiko katikati ya migomba. Naona hata Januari na Februari, wakati majani ya kila kitu yamelegea, chenyewe ni kijani tu. Nafikiri kukata pingili pale nipande mbele. Je, masale yanaweza kweli kuziba mtu asionekane, au yatakuwa miti mirefu yenye majani juu tu na miguu wazi? Yapandwe kwa umbali gani? Na jirani mmoja ananitisha kwamba nitafuga nyoka.

---

Kijana_wa_Sinza

Dada jenga ukuta, kopa benki. Masale ni ya shamba. Na nyoka watakuja, huyo jirani hajakosea.

---

BustaniMeru

Mkuu wa Sinza, ukuta wa milioni sita hauna ua hata moja. Tumwache.

Dada Nesi, nimefanya kazi ya bustani Arusha miaka 19 na nimeng'oa misaipresi mingi kuliko niliyopanda. Kinachonata kwenye matawi yako ni kazi ya vidukari wa saipresi. Waliingia nchini kwetu miaka ya mwisho ya 1980, wakamaliza nyua na mashamba hadi Kenya. Na huo mti ukiukata mpaka kwenye kuni kavu hauchipui tena, ndivyo ulivyo. Usijilaumu.

Masale yanafaa. Ni mmea wa Afrika hii hii, unaota wenyewe misituni, na kwenye milima yetu unafika zaidi ya mita 2,000, kwa hiyo Kibosho ni nyumbani kwake. Haupukutishi majani kiangazi. Kivuli unavumilia, panga unavumilia. Kasoro yake kubwa umeshaitaja mwenyewe: miguu wazi. Watu wanachimba shimo, wanapanda pingili zote za urefu mmoja, baada ya miaka mitano wana safu ya fagio zilizosimama kichwa chini. Mtu akipita unamwona kuanzia kiunoni kushuka chini.

Dawa yake iko siku ya kupanda. Isale ukilikata, macho yanayoamka ni yale yaliyo karibu na pale ulipokata. Yatatoka machipukizi mawili, pengine matatu, chini kidogo ya jeraha. Kwa hiyo urefu wa pingili ndio unaoamua majani yatakaa wapi. Kata za urefu tofauti: moja ikishapandwa ifike gotini, inayofuata kiunoni, inayofuata kifuani, kisha rudia. Panda safu mbili, sentimita 40 kati ya pingili na pingili, safu ya nyuma ikae kwenye nafasi za safu ya mbele. Fupi ziwe nyingi upande wa barabara. Kwa mita 38 utahitaji kama 190.

Ukikata, upande wa chini kata mshazari na wa juu kata sawa, usije ukapanda kichwa ardhini. Usicheke, nimewahi kulipwa kurekebisha uzio mzima uliopandwa hivyo. Zilaze kivulini siku tatu nne jeraha likauke, la sivyo zitaoza. Zifukie robo hadi theluthi ya urefu wake, kanyaga udongo uwe imara. Subiri mvua za masika zishike kwanza. Samadi iliyooza sawa, mbichi hapana.

Maji: huko kwenu mkitumia ya mfereji kutoka mlimani hakuna shida. Lakini kama kuna atakayesoma hapa akiwa upande wetu wa Meru, ajue maji yetu mengi ya visima yana floraidi, hiyo hiyo inayotutia madoa ya kahawia kwenye meno. Isale haliipendi. Ncha za majani zinakauka kama zimechomwa na pasi, na mtu anadhani ni kiu, anaongeza maji yale yale. Kinga mvua batini ukiweza.

Nyoka wanafuata panya, na panya wanafuata takataka na pumba zilizomwagika. Fagia chini ya uzio, banda la kuku lisiwe karibu, basi. Utakaowaona zaidi ni vyura wadogo, maana maji hukaa pale jani linapoungana na shina.

Na mwambie mkaguzi wako wa ndege asikate tamaa. Masale yakikomaa hutoa shada la maua meupe yanayofunguka jioni. Harufu yake usiku unaisikia ukiwa bado uko getini. Nondo wanakuja kwa wingi. Baadaye kuna matunda ya rangi ya chungwa, na hapo shore hawahitaji kualikwa. Lakini pingili haitoi ua mwaka huu wala mwakani. Kama ana haraka ya chozi, apande kitu kingine chenye maua pembeni, ua la mgomba lenyewe ni hoteli yao.

Mwisho, kama una mbwa anayependa kutafuna majani, mchunge. Mbwa na paka masale huwatapisha.

---

MkulimaWaNyeri

Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. Sisi huku ua ni kaiyaba, kila boma. Ina miiba ya kutoboa hata gurudumu, ng'ombe haipiti, mwizi haipiti. Lakini kaiyaba asili yake ni kusini mwa Afrika, si yetu, na usipoikata kila baada ya miezi michache inageuka msitu. Mimi mgongo umenikataa.

Nimejaribu mukawa, ule watu wa pwani huita mtandamboo (msinishike kwa jina, sikulitunga mimi). Ni kichaka chetu kabisa, majani magumu yenye kung'aa, hakipukutishi, kina miiba, maua meupe yenye harufu tamu, na matunda madogo yanaiva kuwa meusi. Watoto wanakula, ndege wanakula, mimi pia nakula. Hakiendi mbio. Dada, masale hayana mwiba hata mmoja, mbuzi atapita katikati kama mgeni wa heshima. Ungechanganya: masale kwa stara, na mukawa michache pale chini ambapo wanyama wanapenyea. Huotesha kwa mbegu, ukamue tunda lililoiva, uoshe, upande mbegu zikiwa mbichi bado.

---

MzeeKahawa

Binti yangu, nimesoma yote. Huyo wa Meru amesema vizuri habari za kukata na kupanda. Kuna mambo hajayagusa, si kosa lake.

Umesema kichaka hicho kiko katikati ya migomba, nyuma ya msonge wa bibi yako. Hakifuati mpaka. Hapo mimi kalamu ilisimama. Zamani wazee wetu walizikwa ndani ya kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, na baada ya muda mifupa iliinuliwa, fuvu likawekwa mahali pake penye masale. Si kila kichaka cha masale ni mahali pa namna hiyo. Lakini masale yaliyo kwenye mstari, hayo ni mpaka, na masale yaliyosimama peke yake bila mstari yana sababu yake. Usitie panga kabla hujamuuliza mtu mzima wa ukoo. Kama wewe ni Mkristo, mimi pia ni Mkristo, nimebatizwa 1951. Kuuliza si kuabudu.

La pili, pembe zako mbili, pale uzio wako wa mbele utakapokutana na majirani. Kwetu ukipanda isale umesema neno. Umesema: hapa ndipo ninapoishia na hapa ndipo unapoanzia. Likishashika mizizi hata baraza la kata linalisikiliza. Ukipanda mwenyewe jioni moja, jirani akaamka asubuhi akayakuta, hata kama umepanda ndani mwako kabisa, umeanzisha kesi ya wajukuu. Waite wote wawili mchana, shahidi mmoja awepo, wasimame pale mnapochimba shimo la kwanza. Chupa ya soda inatosha, mbege ni bora. Na kijijini waulize barabara hiyo inaishia wapi, usije ukang'olewa tena.

Nikuambie kwa nini nasema sana. Mwaka 1987 nilikosana na kaka yangu kwa zamu ya maji ya mfongo, ule mfereji wa kumwagilia. Miezi saba hatusalimiani, tunapishana kanisani kama mawe. Jioni moja mtoto wake akaja na jani la isale, akaliweka mezani, hakusema kitu, akasimama tu. Mke wangu akaniangalia. Isale likishaletwa kuomba msamaha hulikatai, hata kama kifua kinawaka moto. Niliamka usiku ule ule nikaenda kwake na tochi. Kwa hiyo mnaposema hapa "mmea wa kuziba dirisha la jiko" nacheka kidogo, lakini nawaelewa. Dirisha nalo lazima lizibwe.

---

NesiWaKibosho

Shikamoo mzee. Nimesoma ujumbe wako zamu ya usiku na nikaona aibu, maana panga nilikuwa nimeshalinoa. Nitampigia mama mkubwa kesho.

BustaniMeru asante, hiyo ya goti, kiuno na kifua nimeichora kwenye karatasi ya chati ya wagonjwa. MkulimaWaNyeri, jina hilo la pwani sitalitamka mbele ya mwanangu, nitatumia la kwenu.

---

MzeeKahawa

Marahaba. Mpigie.

---

MchagaWaStuttgart

Naomba kuongeza tu kichekesho. Hapa Ujerumani isale liko kwenye kila chumba cha kusubiria daktari, limekatwa pingili tatu za urefu tofauti ndani ya sufuria moja la maua, juu machipukizi mawili mawili. Kumbe ni ufundi ule ule wa BustaniMeru! La kwanza nililoliona dukani lilikuwa na mstari wa manjano katikati ya jani na bei ya euro 35. Nikapiga picha nikamtumia baba Marangu. Akajibu: "Umemkosea nani huko?"

---

NesiWaKibosho

Nimerudi, ni Agosti. Kuna waliouliza kwa faragha mambo yaliishia wapi, niwape mrejesho.

Mama mkubwa nilimpigia asubuhi ile. Nilipomtajia kichaka cha nyuma ya msonge alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Pale yupo babu yake bibi yako. Nani kakuambia uulize?" Nikamwambia ni mzee mmoja wa kwenye intaneti. Akasema nimsalimie. Mzee, salamu zako hizo. Kichaka hatukukigusa, tulichofanya ni kung'oa magugu tu pembeni, na mwanangu ameambiwa habari zake kwa mara ya kwanza. Na mimi pia, kusema kweli. Miaka 41 napita pale na ndoo.

Pingili nilipata mahali ambapo sikutegemea. Nilipomwita jirani wa chini, yule yule wa nyoka, asimame nikichimba pembe yake, alikuja na shati la Jumapili. Akaangalia shimo, akaangalia kamba, akasogeza kamba upande WANGU kama upana wa kiganja. Nilimeza mate. Shahidi akakohoa. Nikasema sawa. Basi akaenda nyumbani kwake akarudi na panga, akaanza kupunguza masale yake ya zamani ya upande wa mfereji, ambayo mtoto wake alikuwa anamsumbua ayapunguze tangu mwaka juzi. Kutwa nzima. Pingili zaidi ya 200, hataki hela. Kiganja kimoja cha ardhi kwa uzio mzima, mimi naona nimepata.

Tulipanda wiki ya mwisho ya Machi, mvua ikiwa imeshashika, mita moja na nusu ndani ya alama aliyotuonyesha mwenyekiti wa kijiji. 190 kamili. Leo asubuhi nimehesabu: 158 zimechipua. Nyingi zilizokufa ni zile nilizopanda siku ya kwanza bila kuzikausha, kwa pupa yangu. Ukizishika zinabonyea kama ndizi iliyoiva na zinanuka. Saba alizikanyaga mbuzi aliyekata kamba. Nyeri mlisema.

Zilizopona, kuna kitu sikukijua kuhusu isale. Kwa wiki nyingi pingili inakaa tu kama mti wa kuanikia nguo. Nilikuwa napita nikikwangua gome kwa ukucha kuona kama ndani bado kuna kijani. Halafu asubuhi moja Juni, na ile baridi, kwenye pete iliyo chini ya jeraha kukatokea uvimbe kama kipele, mwekundumwekundu. Siku nne baadaye kipele kikapasuka, likatoka jani limejikunja kama sigara. Za gotini ndizo zilizotangulia. Za kifuani zinachelewa, ila ndizo zinazoanza kunisitiri.

Stara yenyewe bado. Nimeweka pazia jikoni, na abiria wa Noah wanaendelea kunisalimia. Mabua matupu yaliyosimama yanavunja macho kidogo, mtu hakuoni wote, anakuona vipande vipande.

Daftari la ndege: chozi mmoja, mara mbili, kwenye ua la mgomba wa pembeni. Lakini Jumamosi mkaguzi wangu alikuja mbio akipiga kelele. Kinyonga mwenye pembe mbili puani, yuko kwenye pingili namba 61 (ndiyo, kazipa namba zote). Jirani kasema kinyonga ni mkosi, tumfukuze. Mwanangu kamwuliza kama amewahi kumwona kinyonga akila nzi. Wakakaa wote wawili chini kwenye majani kusubiri, kama saa nzima, na nzi hakuja. Daftari limeongezewa ukurasa usio wa ndege.

Swali jipya kwa BustaniMeru: pingili tano karibu na geti ncha za majani zimekauka kahawia. Natumia maji ya mfereji tu. Ila pale ndipo napomwaga maji ya kufulia. Ni sabuni hiyo?

---

BustaniMeru

Ni sabuni hiyo. Hamisha beseni.

---

NesiWaKibosho

Nimehamisha. Na wanaonitumia ujumbe wa bei ya pingili, sifanyi biashara. Masika ijayo jirani atapunguza upande wa pili, njoo na panga lako, na uje mchana.